Kiponda: ukuta wa chini unatoa chumvi, na mpangaji wa duka anataka baraza ivunjwe

Uani_Kiponda aliuliza:

Assalaam alaykum. Naomba msaada wa wanaozijua nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Unguja.

Nyumba ipo Kiponda, ghorofa mbili juu ya duka, kuta za mawe na chokaa, paa la bati. Ni mali ya warithi. Chini yupo mpangaji wa duka la vinyago, kati familia moja, juu familia nyengine.

Ukuta wa chini upande wa kichochoro unatoa unga mweupe wa chumvi. Lipu inavimba na kudondoka, na unyevu umefika kifuani. Lipu yenyewe ni ya saruji. Fundi anataka kuibandua apige nyengine ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Dari ya chumba cha kati, chini ya choo cha juu, ina doa na boriti mbili zimepinda. Fundi huyohuyo anasema zitolewe zote imwagwe zege. Kubwa zaidi, mwenye duka anataka kuvunja baraza ya mbele, yaani lile benchi la mawe la kukalia lililoshikana na ukuta, apanue mlango aweke kabati la kioo. Analipa vizuri na baadhi ya warithi wameshakubali, lakini wazee wanaokaa pale kila laasiri wamenuna.

Tuanze wapi, na nani wa kuulizwa?

---

FundiNiru alijibu:

Wa alaykum salaam ndugu. Saruji msirudie.

Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene sentimita 50 hadi 60 na mara nyengine zaidi. Msingi wake hauna kizuizi cha unyevu. Maji ya ardhini yanapanda mwaka mzima, na ukuta uliundwa uyapokee kisha uyaache yatoke kupitia chokaa. Ukiuvika saruji maji yanakosa pa kutokea, yanapanda kutafuta njia. Chumvi iliyomo inabaki nyuma ya lipu, inaganda na kuisukuma mpaka ivimbe. Ndiyo maana unyevu umefika kifuani. Mkiongeza dawa ya kuzuia maji utapanda hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyomo ukutani, na huko ndiko kwenye hasara ya kweli.

Kabla ya kugusa lipu, mvua ikinyesha mtu asimame kichochoroni aangalie. Gata limetoboka? Maji ya kiyoyozi yanadondokea ukutani? Chemba imeziba? Na kipimeni kichochoro chenyewe: vingi vimemwagiwa zege tabaka juu ya tabaka mpaka vikawa juu kuliko sakafu ya ndani, maji yanalala kwenye mguu wa ukuta. Kama ndivyo, hakuna lipu itakayowasaidia mpaka mteremko wa kichochoro urekebishwe, na hiyo ni kazi ya kuizungumza na jirani wa mkabala kwa sababu maji mtakayoyafukuza kwenu yatahamia kwake.

Kazi ya ukuta ianze Juni, Masika yakishapita, na lipu iwe imekamilika kabla ya Vuli kuanza Oktoba. Bandueni saruji kwa tindo na nyundo ndogo, mpaka sentimita 30 juu ya mstari wa unyevu. Nyundo kubwa inalegeza mawe ya ndani hata kama nje huoni kitu. Chokoeni viungo kina cha sentimita 2 au 3. Chumvi iondolewe kwa brashi kavu, ikusanywe kwenye turubai na kutupwa mbali. Mkiiosha kwa maji mnairudisha ndani. Kisha uacheni ukuta wazi wiki nane angalau. Mwenye duka atalalamika kwa vumbi, basi mtundikieni kitambaa chepesi, lakini msiufunike kwa nailoni.

Chokaa hai, yaani iliyochomwa tanuuni na bado haijaguswa na maji, izimwe kwa kuitia ndani ya maji, wala si kumwagia maji juu yake, maana inachemka na kuruka. Miwani na glavu ni lazima. Ilale kwenye pipa chini ya maji kiasi cha kidole wiki tatu kwa uchache. Miezi mitatu ni bora zaidi. Lipu ni ndoo moja ya chokaa hiyo nzito kwa ndoo tatu za mchanga mkali uliochekechwa. Mchanga wa pwani una chumvi, msiukubali hata ukiletwa bure. Rowesheni ukuta, pigeni tabaka la milimita 10 hadi 12, lisuguliwe kwa mwiko wa mbao, lifunikwe kwa magunia mabichi siku tano hadi saba. Tabaka la pili baada ya siku kumi, la tatu vivyo hivyo. Ikipasuka nyufa kama utando wa buibui, ama mchanganyiko ulikuwa na maji mengi ama jua na upepo vimeuwahi. Malizieni kwa chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Rangi ya plastiki inafunga ukuta sawa na saruji.

Na mjue kabisa kuwa lipu hii ya kwanza itanyonya chumvi iliyobaki ndani. Sehemu yake inaweza kuharibika baada ya mwaka mmoja au miwili na kupigwa upya. Hapo imefanya kazi yake. Ondoeni kipande kilichooza tu.

---

Mkunazini_Ghorofani alijibu:

FundiNiru amemaliza ya ukuta. Mimi niseme ya choo, maana ndicho kinachobomoa nyumba nyingi.

Zamani vyoo vilipangwa pembeni ya nyumba, kimoja juu ya kingine. Siku hizi kila chumba kinataka choo chake, kinawekwa katikati ya dari juu ya boriti, kinavuja taratibu miaka kumi bila mtu kuona. Kabla ya yote, familia ya juu waache kukitumia choo hicho. Wafungue vigae, waangalie maungio ya bomba na mahali sakafu inapokutana na ukuta.

Kisha pimeni boriti. Chukua bisibisi, choma sentimita 30 za mwisho karibu na ukuta, pande zote mbili. Ikizama zaidi ya sentimita 2 bila nguvu, boriti hiyo imekwisha hata kama katikati inang'aa. Gonga pia kwa mpini wa nyundo: nzima inalia kavu, iliyooza inajibu mlio mzito uliokufa.

Msitoe boriti yoyote kabla ya kuweka mirunda, yaani nguzo za muda za kuishikilia dari. Mirunda isimame juu ya ubao mpana, na chini yake, dukani, pawe na mirunda mingine mpaka ardhini. La sivyo mnahamishia mzigo kwenye dari ya duka. Badilisheni boriti moja baada ya moja. Boriti ya kukaa humo iwe na unene wa sentimita 11 hadi 13, iingie ukutani kiasi cha sentimita 20, na kichwa chake kiachiwe nafasi ya kidole kuzunguka ili kipumue. Ikazwe kwa vijiwe na chokaa. Ukiizika kwenye saruji inaoza upya. Boriti hizi ni miti ya mikoko, na mikoko haikatwi bila kibali, kwa hiyo nunueni kwa muuzaji mwenye karatasi za misitu. Zikikosekana, mbao ngumu iliyopakwa dawa ya mchwa inafaa.

Zege ni hesabu tu. Chumba cha mita 3 kwa 4, zege la sentimita 12, ni karibu tani tatu na nusu. Mtu atasema dari ya zamani ya mawe na chokaa nayo nzito, na ni kweli. Lakini boriti zinakaa ukutani bila kuushika. Ukuta ukisogea kidogo, nazo zinasogea. Zege linaukaza, na ili liingie fundi atachimba mfereji mrefu kwenye ukuta ambao huenda ni wa pamoja na jirani. Juu ya hayo, nondo kwenye hewa ya chumvi zinaota kutu, zinavimba, zinapasua zege. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Nyumba ilikatwa kwa kipimo cha mti.

Kama kuna tangi la maji juu, liangalieni. Lita 2,000 ni tani 2 zilizosimama mahali pamoja. Literemsheni uani, au likae juu ya makutano ya kuta mbili, kamwe lisikae katikati ya dari.

Nyufa mzifuate hivi: paka kiraka cha jasi juu ya ufa, andika tarehe kwa penseli. Kikipasuka, ukuta bado unatembea. Teremsheni timazi, kamba yenye uzito mwishoni, kutoka dirisha la juu mpime umbali wake na ukuta kila ghorofa, na mrudie baada ya miezi mitatu. Tofauti ikiongezeka, mwiteni mhandisi kabla ya fundi. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 kazi ya ukarabati ikiendelea na watu wawili wakafariki. Wakati wa matengenezo ndipo nyumba inapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote, kwa hiyo chumba cha chini kihamwe.

---

BarazaLaasiri alijibu:

Nimesikitika kuona warithi wamekubali kuvunja. Baraza ina kazi mbili na zote mbili zitawaumiza.

Ya kwanza ni ya ujenzi. Jiwe lile la kimo cha sentimita 40 hadi 50 limekumbatia mguu wa ukuta. Linauzuia mchirizi wa mvua, matairi ya vespa na mikokoteni. Mkilivunja, tatizo la chumvi mlilonalo kichochoroni mtalipata na mbele.

Ya pili ni ya mtaa. Masika, kichochoro kikijaa maji, watu wanapita juu ya baraza, kutoka moja hadi nyengine. Laasiri muuza kahawa anaweka dele lake, birika la kahawa, pale, vikombe na kashata, bao na dhumna vinatoka. Pale ndipo habari ya msiba inapofika kwanza na kaburi linapopangwa nani akachimbe. Hapo mtoto aliyetoka chuoni kusoma Kurani anaonekana kapita saa ngapi, na mgeni anayezungukazunguka anaulizwa anatafuta nyumba ya nani. Jaws Corner, kijiwe cha kahawa pale Sokomuhogo, inajulikana kwa siasa na mpira, lakini kila mtaa una Jaws Corner yake ndogo isiyo na jina. Baraza ikiondoka wazee hawahamii mbele, wanabaki majumbani, na kichochoro kikishapoa usiku hata wateja wa duka wanaogopa kupita.

Kisheria, Mji Mkongwe umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985. Sura ya mbele ya nyumba, yaani mlango, roshani, madirisha na baraza, haiguswi bila kibali chao, na matengenezo makubwa ya ndani vilevile. Nendeni kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, mumweleze. Kisha mpeleke Mamlaka maombi yenye picha za kila upande, mchoro wenye vipimo vya kilichopo na mnachotaka, na ushahidi wa umiliki. Ombeni mkaguzi wao aje kabla ya kumlipa fundi chochote. Mara nyingi atawaonyesha kasoro msiyoiona.

Mwenye duka msimkatae hivihivi. Maduka haya ya mtindo wa Kihindi yalikuwa na milango ya mbao ya kukunja inayofungua uso mzima wa duka bila kugusa jiwe. Angalieni kama fremu ya zamani bado imo chini ya lipu. Anaweza pia kutandaza ubao juu ya nusu ya baraza asubuhi na kuuondoa ikifika laasiri. Mwandikie kwenye mkataba.

---

NdiaKuu_Msa alijibu:

Salamu kutoka Mombasa, Mji wa Kale. Hayo ya mwisho siyakubali, shekhe. Nusu ya baraza ukimpa mwenye vinyago asubuhi, baada ya miezi sita ana baraza nzima mchana kutwa, na kusema naye ni ugomvi wa majirani. Sehemu za huku karibu na Fort Jesus utaona baraza zimejaa bidhaa na hakuna pa kuketi. Mstari wa wazi ni huu: bidhaa zisivuke kizingiti cha mlango. Vilivyo nje ya kizingiti ni vya mtaa. Mpangaji anaelewa, sheha anaelewa, na hamhitaji saa ya kupimia.

Kuhusu roshani, kama nyumba yenu inayo, kagueni mikono ya mbao inayoibeba kwa bisibisi ileile, khasa pale inapoingia ukutani. Wengi hupaka rangi ya mafuta juu ya mbao iliyokwisha oza.

Na Lamu, mji ulioingia Urithi wa Dunia 2001, mtazame daka: kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, mlangoni kabisa. Mgeni anapokewa hapo bila kuingia ndani, na nyumba inabaki na sitara yake. Ukiivunja daka unalazimika ama kumkaribisha kila mtu ndani ama kumwacha njiani. Baraza yenu inafanya kazi hiyohiyo.

---

MamaMalindi alijibu:

Mmezungumza ya wanaume, na mimi niongeze ya sisi. Baraza ya mbele ni yao. Jamii ya wanawake inapita uani, kwenye ngazi na madirishani. Kikapu kinateremshwa kwa kamba kutoka ghorofani, muuza mboga anaweka, pesa inashuka. Sahani ya futari inavuka kichochoro kabla ya adhana. Kwa hiyo mkitengeneza, angalieni haya: dirisha jipya lisitazamane na dirisha la jirani, mashine ya kiyoyozi isipulize uani kwake, na mafundi wakipanda kwenye bati watangulize kubisha hodi nyumba zote zinazoonekana kutoka juu, wanawake wajisitiri. Siku ya kazi itajwe mapema. Nyumba moja ikikodishwa kwa wageni wa siku mbili mbili na kugeuzwa paa la mkahawa, nyua tatu zinakuwa hazina sitara, na wenyewe wanaanza kuhama mmoja mmoja.

Na kichochoro msikijaze mawe na mchanga wiki nzima. Jeneza linapita hapo. Acheni upana wa watu wawili ubavu kwa ubavu, na ikitokea harusi au khitma inayotaka turubai, kazi isimame siku hiyo.

---

Uani_Kiponda:

Allah awalipe nyote. Ruhusa tuliyompa mpangaji ya kuvunja baraza tumeifuta, mpangaji amekubali kufungua milango ya kukunja kama fremu ipo. Sasa mzozo ni gharama. Ghorofa ya kati inasema bati ni la waliopo juu, waliopo juu wanasema chumvi ni ya duka.

---

Mkunazini_Ghorofani:

Hapo ndipo nyumba zinapofia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilikaliwa na familia kadhaa, na mpaka leo bati halina mwenyewe mpaka lianguke. Gaweni hivi: bati, magata, msingi, kuta za nje, ngazi na karo la maji machafu ni vya wote, kila mmoja kwa ukubwa wa eneo lake, duka likiwemo. Ndani ya chumba, kila mtu na lake. Choo kinachovuja ni cha anayekitumia, pamoja na boriti kilizoozesha. Wekeni mfuko mdogo wa kila mwezi wenye sahihi mbili, ya juu na ya chini. Kagueni mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya Masika na Septemba kabla ya Vuli: magata, bati, majani yaliyoota ukutani. Mkuyu ukiota kwenye ufa usiung'oe, unatoka na jiwe. Ukate, paka dawa ya kuua mizizi, subiri ukauke ndipo uzibe kwa chokaa.

Warithi mteue wakala mmoja kwa maandishi, maana ofisi hazitapokea sahihi tisa zinazopingana. Wenzetu waliomo kwenye nyumba za wakf ruhusa yao inaanzia Kamisheni ya Wakf, na nyumba za serikali zinaanzia Shirika la Nyumba.

---

Uani_Kiponda:

Nimefahamu. Tumeletewa magunia ya chokaa, muuzaji anasema ni hai. Nitajuaje?

---

FundiNiru:

Tia donge la ukubwa wa yai kwenye ndoo ya chuma yenye maji na usogee nyuma. Hai inaanza kutoa povu na mvuke, inapasuka yenyewe ndani ya dakika chache na ndoo inapata moto. Ikikaa kimya kama jiwe, imeshakufa kwa hewa au haikuiva tanuuni. Ikipasuka nusu na kubaki vikokoto vigumu, inatumika, lakini ichekecheni mara mbili baada ya kuzima. Kikokoto kimoja kikibaki kwenye lipu kitazima miezi baadaye na kurusha kipande cha ukuta. Jaribuni donge kutoka kila gunia, msijaribu la juu tu.